Nilikwenda Kuzitafuta Siku za Baba

Mimi ni mama wa miaka zaidi ya 60. Ninakaa karibu na Mnazi Mmoja, mjini Dar es Salaam. Nina duka dogo la kamba huko Kariakoo. Ukija kununua kamba ya kufungia mbuzi, kamba ya kisima au kamba ya kuanikia nguo, utanikuta nimekaa mlangoni juu ya kigoda.

Leo nataka kukueleza safari niliyoifanya mwaka 2011. Nilikwenda peke yangu katika kiwanda cha mkonge kilichoachwa. Nilikwenda kuzitafuta siku 11 za baba yangu. Nifuate mpaka mwisho. Katika safari hiyo nilifanya makosa, na sipendi nawe uyafanye.

UZI WENYE MAFUNDO 30

Baba yangu alikuwa Muha wa Kasulu, mkoani Kigoma. Mwaka 1952 alikuwa kijana asiye na mke. Alihitaji fedha za kodi na za mahari. Nyumbani kazi ya fedha ilikuwa haba.

Wakati huo wenye mashamba ya mkonge walikuwa na chombo chao cha kutafuta wafanyakazi. Kilianza mwaka 1944, na watu walikiita Silabu. Silabu iliwachukua vijana kutoka mikoa ya mbali na kuwapeleka kwenye mashamba kwa mkataba. Kila mmoja alipewa namba. Ndiyo sababu watu wakawaita manamba.

Baba alisafiri kwa treni ya Reli ya Kati, kisha kwa lori, mpaka shamba moja upande wa Muheza, mkoani Tanga. Jina la shamba hilo sitalitaja. Mambo yaliyompata baba yalikuwa ya mashamba mengi, si ya shamba moja.

Huko alipewa kisu cha kukatia mkonge na kadi iliyoitwa kipande. Kipande kilikuwa na nafasi 30. Ukifanya kazi, karani anaweka alama katika nafasi moja. Nafasi zote 30 zikijaa, ndipo unapokea mshahara. Zikiwa hazijajaa, huna mshahara.

Baba hakujua kusoma wala kuandika. Lakini hakuwa mjinga. Alichukua uzi wa katani, na kila jioni aliporudi kambini alipiga fundo. Alipofikisha fundo la 30, alikwenda kwa karani kwa furaha. Karani akatazama kipande akasema, "Bado. Una siku 19."

Mafundo 30. Alama 19. Siku 11 hazikuonekana.

Baba hakubishana. Angebishana kwa lugha gani na kwa karatasi ipi? Alirudi shambani akafanya kazi mpaka kipande kikajaa. Lakini ule uzi hakuutupa.

DAFTARI LA BABA

Mimi nilizaliwa katika kambi ya shamba hilo mwaka 1961, mwaka wa Uhuru. Mama yangu alikuwa mwanikaji wa katani. Baba aliendelea kukata mkonge.

Mwaka 1970 Serikali iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kambini kwetu darasa lilikuwa chini ya mwembe. Baba aliingia. Nilikuwa na miaka 9, nami nilisimama pembeni nikimtazama. Alishika penseli kama anavyoshika kisu cha mkonge, kwa nguvu mno, mpaka ncha ikavunjika. Watu walicheka. Baba naye alicheka. Akaichonga, akaanza tena.

Alipoweza kuandika vizuri, hakuandika barua. Alikaa mlangoni akaandika katika daftari lake maneno haya:

"Nilipoanza, nilikwenda kazini siku 30. Waliandika 19. Sikujua kusoma."

Kisha akauzungusha ule uzi kwenye daftari, akaliweka ndani ya sanduku la bati.

Mwaka 1978 tulihamia Dar es Salaam. Baba alianza kuuza kamba Kariakoo. Mtu aliyekata mkonge miaka mingi anaijua kamba. Anaigusa tu, anakwambia itadumu au haitadumu.

Jumapili tulizoea kupumzika Mnazi Mmoja. Kama hujafika, nikueleze kidogo. Ni uwanja mkubwa katikati ya mji. Wakati wa ukoloni ulitenganisha sehemu za Wazungu na Wahindi na sehemu ya Waafrika, yaani Kariakoo. Baadaye TANU ilifanya mikutano yake mikubwa hapo ya kudai Uhuru. Leo kuna bustani na Mnara wa Mwenge. Pia hapo Mnazi Mmoja kuna Ukumbi wa Arnautoglu, uliojengwa miaka ya 1950. Aliyetoa fedha ni tajiri Mgiriki, George Arnautoglu, ambaye alikuwa na mashamba ya mkonge.

Baba hakufanya kazi kwa tajiri huyo. Lakini kila tulipopita alitazama kuta za ukumbi ule akasema, "Mkonge umejenga hapa. Nani ajuaye, labda hata siku za mtu fulani zimo ukutani." Alisema hivyo akitabasamu. Mimi sikutabasamu. Moyoni nilisema, "Karani alimwibia baba yangu."

Baba alifariki mwaka 2008. Aliniachia duka, daftari na ule uzi.

TUUJUE MKONGE

Kabla ya kuendelea na safari, ndugu msomaji, tuujue mkonge wenyewe. Pengine unauona kila siku ukingoni mwa shamba na hujui ulikotoka.

Asili ya mkonge wetu ni Mexico. Mwaka 1893 mtaalamu Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Njiani mingi ilikufa. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62, mkonge ulienea Tanga, Morogoro na kwingineko.

Mkonge huanza kukatwa ukiwa na umri wa miaka 3 hivi. Mkataji hukata majani, huondoa mwiba wa nchani, na kuyafunga mafungu ya majani 30. Mafungu huwekwa kando ya reli ndogo. Troli huyapeleka kwenye korona. Korona ni mashine kubwa inayoponda jani na kulikwangua, huku maji yakiosha. Nyama ya jani huondoka na maji, zikabaki nyuzi. Nyuzi hizo ndizo katani. Katika kilo 100 za majani hupatikana kilo 4 hivi tu za katani. Kisha katani huanikwa juani kwenye nyaya, hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja, na kufungwa marobota.

Katika miaka ya mwanzo ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Hakuna nchi duniani iliyotupita. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba. Lakini adui mwingine alikuwa njiani. Adui huyo ni kamba ya nailoni na plastiki. Wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakinunua kamba zetu kufungia majani ya mifugo, walianza kununua kamba za plastiki. Bei ikaanguka. Mashine zikachakaa, vipuri vikakosekana. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa karibu tani 20,000 tu. Tangu hapo yamepanda tena, na wakulima wadogo nao wanalima mkonge. Hata hivyo hatujafika tulikokuwa.

Korona nyingi zilinyamaza. Moja ya hizo ni ile ya shamba la baba.

SAFARI YANGU

Mwaka 2011 nilisikia watu wa vyuma chakavu wakizungumza Kariakoo. Mmoja alisema wametoka Tanga kununua vyuma vya viwanda vya zamani. Usiku huo sikulala. Niliwaza, "Wakimaliza vyuma, watabomoa na ofisi. Na katika ofisi kuna vitabu vya mahudhurio. Nikikiona kitabu cha mwaka 1952, nitajua ukweli."

Kesho yake nilimwachia jirani duka. Sikumwambia ninakokwenda. Nilimdanganya kwamba ninakwenda kufuata mzigo. Niliona aibu kusema kwamba mtu mzima kama mimi nafuata siku 11 za zaidi ya miaka 50 iliyopita. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Nilipanda basi Ubungo. Tulipita Chalinze na Segera, nikashuka Muheza. Nililala kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi nilichukua pikipiki, ikanifikisha kwenye njia panda. Kijana wa pikipiki aliniuliza, "Mama, huku unakwenda kwa nani? Hakuna watu." Nikamjibu, "Nakwenda nyumbani." Akaondoka.

Nilivaa ndapala na khanga. Hilo lilikuwa kosa la pili.

NDANI YA KIWANDA

Mkonge ulikuwa umeachwa ukaota ovyo. Kila mmoja ulikuwa umetoa mlingoti mrefu kama nguzo ya simu. Njia ya reli ndogo niliijua, ingawa reli zenyewe zilikuwa zimeng'olewa. Niliifuata kama dakika 30. Kulikuwa kimya. Nilisikia ndege na nyayo zangu tu.

Kwanza nilifika kambini. Vyumba vilikuwa bila mapaa. Chumba chetu nilikitambua kwa kizingiti, maana baba alikijengea ngazi moja ya mawe. Ule mwembe wa darasa ulikuwapo, tena ulikuwa na maembe. Zamani kwenye tawi lake kilitundikwa kipande cha reli. Alfajiri nyapara alikigonga kwa nyundo, na kambi nzima ikaamka. Sasa ulibaki waya tu, umezama ndani ya gome la mti.

Kisha nilifika kwenye korona. Nguzo za zege zilisimama, lakini bati nyingi hazikuwapo. Korona yenyewe haikuwapo. Ilibaki sakafu nene ya saruji yenye boliti kubwa zilizokatwa. Nilisimama pale ambapo mashine ilikuwa ikinguruma mpaka watu wakazungumza kwa mikono. Mashine ya kufungia marobota ilikuwa bado ipo. Nadhani ilikuwa nzito mno kwa wanunuzi wa vyuma. Ndani yake nyigu walijenga.

Nje kulikuwa na safu za nyaya za kuanikia katani. Nyingine zilikatika. Nilishika moja. Mama yangu alisimama hapo miaka mingi, jua likimpiga, akitandaza katani kama mtu anayetandika kitanda. Nililia kidogo. Hakuna aliyeniona.

Halafu nikaingia ofisini. Moyo ulidunda. Rafu zilikuwapo! Nikasogea. Kulikuwa na udongo wa mchwa kutoka chini mpaka juu. Niliugusa kwa kijiti, ukabomoka. Ndani ya udongo ule mlikuwa na vipande vya karatasi vidogo kama kucha. Kimoja kilikuwa na mstari mwekundu. Kingine kilikuwa na tarakimu 7. Basi. Vitabu vya karani vililiwa na mchwa.

Nilitoka nikiwa na hasira. Sikutazama chini. Nyuma ya korona ulipita mfereji mkubwa uliochukua maji na takataka za mkonge. Majani yalikuwa yameufunika, na juu yake kulikuwa na bati lenye kutu. Nilikanyaga bati. Likapasuka. Mguu wangu wa kulia ulizama mpaka pajani, na ukingo wa bati ukanichana.

Nilijaribu kujivuta, bati likazidi kuniuma. Nikaita. Sauti yangu iligonga nguzo za zege ikanirudia. Simu haikuwa na mtandao. Hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipokumbuka kwamba hakuna mtu hata mmoja duniani aliyejua niko wapi. Jirani yangu alijua nimefuata mzigo. Kama ningekufa mle, watoto wangu wangenitafuta Kariakoo.

Nilikaa hivyo muda mrefu. Jua lilitoka upande mmoja wa nguzo likaenda upande mwingine.

MZEE MWENYE MBUZI

Nilisikia mbuzi. Nikapiga kelele tena. Mzee mmoja akatokea, mwembamba, ameshika fimbo na panga.

"Shikamoo mzee," nikasema, nikiwa mle mle shimoni.

"Marahaba, mwanangu. Usijitikise."

Alikata milingoti miwili ya mkonge akailaza juu ya mfereji, mmoja kila upande wangu. Akaniambia niweke mikono juu yake, niugawe uzito. Kisha akalikunja bati taratibu kwa panga, akanivuta. Nikatoka. Alinifunga jeraha kwa kipande cha khanga yangu.

Tulikaa chini ya mwembe. Akaniuliza nimefuata nini. Nikamweleza yote. Kumbe mzee huyo naye alifika shambani hapo mwaka 1956 akiwa mkataji. Shamba lilipofungwa hakuondoka. Kwao alikuwa hajui tena nani yu hai. Baba yangu hakumkumbuka. Wakataji walikuwa wengi.

Nikamwambia, "Mzee, karani alimwibia baba siku 11."

Mzee akanyamaza. Kisha akasema, "Huenda. Makarani wa namna hiyo walikuwapo. Lakini sikiliza, mwanangu. Siku haikuwa kwenda kazini. Siku ilikuwa kumaliza kipimo. Hapa kipimo kilikuwa mafungu 70. Ukikata 70, unawekewa alama. Ukikata 69, huna siku."

"Na yale 69?"

"Yanapakiwa kwenye troli kama mengine."

Nikauliza, "Kwa hiyo baba alishindwa kazi?"

"Mgeni gani hakushindwa? Mkonge una miba. Wiki za mwanzo mikono inavimba, huwezi kukunja vidole. Mimi mwenyewe kipande changu cha kwanza kilinichukua miezi miwili." Akafikiri kidogo. "Baba yako alikuwa na uzi? Sisi wengine tulipiga mafundo ya namna mbili. Siku iliyoandikwa, fundo maradufu. Siku iliyopotea, fundo moja. Unao uzi huo?"

Nilikuwa nao mkobani. Nikautoa. Nimeuhesabu uzi ule mara nyingi tangu utoto, na kila mara nilipata 30. Sikuwahi kuyatazama mafundo yenyewe. Mzee aliupitisha kati ya vidole vyake, fundo kwa fundo, amefumba macho. Akanipa nami nifanye hivyo.

Mafundo makubwa, yaliyopigwa mara mbili, yalikuwa 19.

Mafundo madogo yalikuwa 11. Karibu yote yalikuwa mwanzoni mwa uzi.

TUPIGE HESABU

Ndugu msomaji, miaka yote hiyo nilimchukia karani nisiyemjua hata sura. Kumbe kitabu chake na uzi wa baba vilisema jambo moja. Karani hakuongopa. Baba naye hakuongopa. Tazama alivyoandika: "Nilikwenda kazini siku 30." Hakuandika "Niliibiwa." Aliandika kile alichokijua, wala hakuzidisha.

Lakini je, baba alitendewa haki? Chukua penseli tupige hesabu. Kipimo kilikuwa mafungu 70, na fungu moja lina majani 30. Kwa hiyo siku moja ni majani 2,100. Tuseme katika siku zile mbaya baba alikata mafungu 60 tu. Hayo ni majani 1,800 kwa siku. Kwa siku 11 ni majani 19,800. Majani hayo hayakutupwa. Yalipita koronani, yakawa katani, yakafungwa marobota, yakauzwa. Katika kipande cha baba yaliandikwa sifuri.

Kwa hiyo mwizi alikuwapo. Lakini hakuwa mtu mmoja mwenye kalamu. Ilikuwa ni kanuni. Na kanuni mbaya ni vigumu kuigundua kuliko karani mbaya, kwa sababu kila mtu anaifuata na hakuna anayeona haya.

Nilimuuliza mzee kwa nini baba hakunieleza habari za kipimo. Akajibu, "Ungemwambia mwanao kwamba ulilia kwa sababu ya mafungu 10?"

Sikuwa na la kusema. Tulikula maembe. Mzee alinisindikiza mpaka njia panda, mbuzi wakitufuata, na akasimama nami mpaka pikipiki ikapita. Nilimpa fedha akakataa. Akakubali khanga iliyobaki, ampelekee mjukuu wake.

MAMBO NILIYOJIFUNZA

Hospitalini walinisafisha jeraha na kunichoma sindano ya kuzuia pepopunda. Kovu ninalo mpaka leo. Huenda nawe karibu na kijiji chako kuna kinu, ghala, mgodi au kiwanda kilichoachwa. Watoto hupenda kucheza humo, na watu wazima hufuata kuni, vyuma na kumbukumbu. Basi uyashike haya:

1. Usiende peke yako. Nendeni wawili au zaidi.

2. Mwambie mtu ukweli wa unakokwenda na saa ya kurudi. Aibu ya kuchekwa ni ndogo kuliko kutafutwa mahali ambapo hupo.

3. Omba ruhusa kwanza. Mahali palipoachwa pana mwenyewe. Mimi sikuomba. Kama ningeanza kijijini, mtu angenionyesha mfereji ulipo.

4. Vaa viatu vya kufunika mguu. Chukua fimbo, na ugonge mbele yako kabla ya kukanyaga. Bati na mbao za zamani usiziamini.

5. Usipite chini ya paa bovu, wala usiguse waya au pipa usilolijua.

6. Ukichanwa na chuma, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usisubiri livimbe.

Na kuna jambo la saba, ambalo si la kiwanda tu. Ukifanya kazi kwa mtu, uliza kabla ya kuanza: siku ni nini? Ni kutoka asubuhi mpaka jioni, au ni kumaliza kipimo? Nikimaliza nusu, nitalipwa nusu? Kama kuna karatasi, isome kabla ya kutia sahihi. Kisha weka hesabu yako mwenyewe. Andika tarehe na kazi uliyoifanya. Baba alifanya hivyo kwa uzi kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Wewe unayesoma maneno haya unaweza kutumia kalamu.

Niliporudi Dar es Salaam nilimweleza jirani yangu ukweli, naye alinigombeza sana. Alikuwa na haki.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mnazi Mmoja, mguu umefungwa bandeji. Nilikaa mahali petu pa siku zote, nikautazama ule ukumbi. Watu walikuwa wakiingia na maua, kulikuwa na harusi. Niliushika ule uzi mkobani, nikaanza kuhesabu mafundo madogo kwa vidole. Nilipofika 11, kwa mara ya kwanza nilitabasamu kama baba alivyokuwa akitabasamu.

Uzi huo sasa umetundikwa dukani kwangu, juu ya kamba za katani. Wateja huuliza bei yake. Mimi huwaambia hauuzwi, kisha huwaambia wauguse. Nawe ukifika Kariakoo, karibu. Pitisha vidole vyako polepole. Utazipata siku 30 zote.